Sanduku Lisemavyo: Uhakiki wa Karatasi ya Inveta

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu wanafunzi kuhakiki maandishi, na sharti langu la kwanza lilikuwa hili: usianze kuuliza kama maandishi ni mazuri, anza kuuliza yanataka ufanye nini. Tangazo la mnada hutaka ufike mapema ukiwa na fedha. Barua ya mkopaji hutaka umwonee huruma. Karatasi inayokunjwa na kutiwa ndani ya sanduku la inveta hutaka mambo mawili kwa mpigo: ununue, na ukishanunua usirudi kulalamika. Makusudio hayo hayapatani, na ndiyo sababu karatasi hizi ni ngumu kusoma kuliko riwaya nyingi nilizopata kuzitungia maswali ya mtihani. Mwaka huu nimesoma saba, na nimeona zinastahili uhakiki wa haki kama kazi nyingine yoyote, maana makosa ya riwaya hayachomi godoro.

Kwa msomaji ambaye hajakutana na chombo hiki, inveta ni kisanduku kinachopokea umeme wa betri ya gari, ule wa mkondo mnyoofu wa volti 12, na kuutoa upande wa pili ukiwa mkondo geu wa volti 230, kama ule tuupatao ukutani nyumbani. Niliwahi kukiita kigeuzaumeme mbele ya fundi wangu, akaniuliza kama nilikuwa namaanisha swichi. Kwa hiyo naandika inveta, kama wanavyosema wanaokitumia kila siku.

Gari letu ni Hiace ya zamani iliyong'olewa viti ikawekwa kitanda, kabati, jiko la gesi na pipa la maji. Wajukuu huliita konokono. Tangu nistaafu, mimi na mke wangu tumezunguka nalo kwa waliokuwa wanafunzi wetu, kutoka Singida hadi Tukuyu, na mara moja tukateremka mpaka Matema, ziwani Nyasa. Inveta yake ya kwanza ilifanya kazi miaka tisa ikafa kwa uzee. Fundi alipoifungua tulikuta kapasita zimevimba vichwa kama maandazi. Lingekuwa jambo jepesi kununua nyingine ya namna ileile, lau si kwamba katika miaka hiyo tisa mke wangu amekuwa mtu wa insulini. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto kali huharibika, zikiganda huharibika pia, na kwa macho huenda usione tofauti yoyote. Safari ya siku kumi na nne haiendi na chupa moja. Hapo ndipo maneno ya sandukuni yalipoacha kuwa mzaha.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa Kariakoo. Kijana aliyekuwa kaunta alinisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," nikamwitikia, akanishushia sanduku jekundu kutoka rafu ya juu.

"Mzee wangu, hii inabeba kila kitu."

"Kila kitu ni nini, mwanangu?"

"Friji, tivii, pasi, blenda. Nyumba nzima."

Sina ugomvi na kijana yule. Alisema alichofundishwa na sanduku. Lakini neno lenyewe, kubeba, linahitaji kutazamwa. Mchukuzi wa bandarini hubeba gunia la kilo 100 kutoka kwenye lori hadi mlangoni, hatua ishirini. Mtu yuleyule huwezi kumwambia abebe gunia hilo toka Kibaha mpaka Chalinze. Katika mizigo ya mabega sote tunajua tofauti hiyo bila kuambiwa. Katika umeme sanduku hutegemea kwamba hatujui.

Juu ya sanduku jekundu ilichapwa 1000W, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. Ndani, ukurasa wa nne, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, nikakuta kwamba 1000 ni kilele, na kwamba nguvu ya kudumu ni wati 500. Kilele hicho hudumu kwa muda gani, nusu sekunde au dakika mbili? Karatasi imenyamaza. Mwanafunzi wangu angeandika insha yenye kichwa kinachosema jambo moja na ukurasa wa nne unaosema nusu yake, ningemrudishia daftari.

Kilele si upuuzi, lakini. Friji yenye kompresa, inapoanza kuzunguka, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia. Inveta isiyo na pumzi ya kuhimili kishindo hicho itapiga kelele na kujizima, hata kama friji yenyewe, ikishaanza, hutumia wati 80 tu. Kwa hiyo mnunuzi anahitaji tarakimu zote mbili, ya kudumu na ya kilele, pamoja na muda wa kilele. Kosa la sanduku ni kutoa moja na kuivika nguo ya nyingine.

Sasa nije kwenye neno lililonikera kuliko yote. Inveta za bei nafuu huandikwa kwa Kiingereza kwamba wimbi lake "limerekebishwa", na zile ghali kwamba wimbi lake ni "safi". Msomaji wa kawaida akiona "limerekebishwa" hufikiri nini? Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Mswada uliorekebishwa ni bora kuliko rasimu. Barabara iliyorekebishwa ni bora kuliko yenye mashimo. Basi kilichorekebishwa yamkini kimezidi kilicho safi tu, tena kwa bei ya chini! Nimesikia mtu mzima, msomi, akilisema hili kwa kujiamini kabisa.

Ukweli wenyewe unaweza kuchorwa ubaoni kwa chaki. Umeme wa ukutani hupanda na kushuka polepole kama maji ya ziwa siku tulivu, kwa mzunguko kamili mara 50 kila sekunde. Umeme wa inveta rahisi hupanda ghafla kama ukuta, hukaa juu bila kutikisika, huanguka wima hadi sifuri, hupumzika kidogo, kisha huporomoka upande wa pili. Hakuna wimbi laini lililochukuliwa likarekebishwa. Kilichoguswa ni wimbi la mraba, likatiwa pumziko katikati ili liwe na sura inayokaribia ile laini kwa mbali. Jina la haki lingekuwa wimbi la mraba lililorekebishwa. Waandishi wa sanduku wameacha sifa wakabadili nomino, na kwa hila hiyo ya sarufi kilema kimegeuka cheo.

Nisije nikawa mkali kupita kiasi. Pasi haijali umbo la wimbi, wala jiko la koili, wala balbu ya zamani ya waya. Vitu hivyo vinataka joto tu. Vyenye mota ndivyo vinavyoteseka. Feni hunguruma, kompresa hupata moto kuliko kawaida, na chaja nyingine hukataa kabisa. Kuna na jambo la pembeni ambalo mafundi wengi hawaambiwi. Kipima umeme cha bei rahisi kimetengenezwa kusoma wimbi laini, hivyo kikiwekwa kwenye wimbi la mraba lenye mapumziko kinaweza kuonyesha volti 180 mahali ambapo nguvu halisi ni sawa na ya volti 230. Fundi akasema inveta ni mbovu, mwenye duka akasema fundi ni mbovu, nao wote wawili wamedanganywa na kipimo.

Kwa friji ya dawa, basi, wimbi laini ndilo. Hapo sina mjadala, ingawa bei niliyotajiwa ilikuwa karibu mara tatu.

Wakati ule mpwa wangu aliyeko Texas akajitolea kuniletea moja nzuri mizigoni. Nilimshukuru nikakataa. Kule umeme ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 230 na 50. Rafiki yangu mwenye Coaster naye akataka kuniuzia yake, ila Coaster yake ni ya volti 24, na inveta ya volti 24 haifanyi kazi kwenye volti 12. Nilimwonea wivu kidogo hata hivyo, kwa sababu volti zikiwa maradufu mkondo huwa nusu, na mkondo ndio mzizi wa mambo ninayotaka kuyaeleza sasa.

Katika karatasi saba nilizosoma, tano hazikutaja unene wa waya wa kutoka betri hadi inveta. Zina maonyo kumi na mawili, mojawapo likikataza kuoga ukiwa umeshika inveta, lakini waya hazina habari nao. Huu ndio ukimya ninaouhesabu kuwa dhambi kubwa ya maandishi haya. Hebu tupige hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Wati 1000 zikitoka kwenye volti 12 zinahitaji ampea 83. Na kwa kuwa inveta nayo hupoteza kama sehemu moja ya kumi kwa joto, sema ampea 93. Chukua waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ambao machoni pa wengi ni mnene wa kutosha, wenye urefu wa mita mbili kwenda na mbili kurudi. Waya huo utakula zaidi ya volti 1 kati ya zile 12, na wati zipatazo 100 zitageuka joto ndani yake, humo chini ya kitanda. Waya wa milimita za mraba 35 kwa urefu uleule utakula volti 0.2 hivi. Tofauti ya bei kati ya nyaya hizo mbili ni ndogo ukiilinganisha na bei ya inveta, achilia mbali gari.

Mimi na mke wangu hulala sentimita arobaini juu ya nyaya hizo.

Fyuzi nayo. Ndani ya inveta huwamo fyuzi, na karatasi nyingi zinajisifu kwayo. Fyuzi hiyo huilinda inveta. Waya ukisuguliwa na bati mpaka ukagusa bodi ya gari, umeme hautapita kwenye inveta hata kidogo. Utatoka betri moja kwa moja hadi kwenye bati, na hakuna wa kuuzuia isipokuwa fyuzi nyingine iliyofungwa karibu kabisa na betri. Karatasi mbili tu zililisema hili. Moja ilichora mchoro.

Hiyo yenye mchoro ilikuwa ya Victron, kampuni ya Uholanzi iliyoanza mwaka 1975, na naitaja kwa sababu mhakiki asiyeweza kusifu hafai kukosoa. Inveta yao ndogo ya volti 12 imeitwa 500. Ukifungua maelezo unaambiwa mara moja kwamba 500 ni zao la volti na ampea, wala si wati. Kwamba wati zake za kudumu ni 400 ikiwa hewa ina nyuzi 25. Kwamba kwenye nyuzi 40 zinashuka hadi 350. Na kwamba kilele ni 900. Angalia ilivyopangwa. Mwandishi ametoa jina kisha akalipunguza mwenyewe, hatua kwa hatua, mbele ya macho yako. Ningeweza kulaumu kwamba jina bado ni kubwa kuliko kitu, na kwa hakika nalaumu. Walakini huyu ameniambia jambo ambalo wale wengine walinificha, nalo ni joto.

Kwa msomaji wa Uholanzi nyuzi 40 ni habari ya kugeuza ukurasa. Kwa msomaji aliyeegesha bati lake juani Manyoni saa nane mchana, hiyo ndiyo hali ya kawaida ndani ya gari, tena huenda chini ya benchi ikazidi. Tarakimu iliyopimwa kwenye ubaridi wa nyuzi 25 ni tarakimu ya nchi nyingine. Karatasi ambazo hazisemi zilipima kwenye joto gani zimetuuzia hali ya hewa ya wenzetu.

Kuna kipengele kingine ambacho sanduku hulitaja kwa fahari kana kwamba ukubwa hauna gharama. Inveta ikiwashwa tu, bila kuchomekwa kitu chochote, hutumia umeme kwa ajili ya kuwa macho. Ikiwa kubwa hutumia zaidi. Inayotumia wati 15 kwa kukaa bure itakula wati-saa 360 usiku na mchana, sawa na ampea-saa 30 za betri ya volti 12. Sasa betri yangu ni ya asidi, ya ampea-saa 100, na betri ya namna hii ukitaka idumu huishushi chini ya nusu. Nina 50 za kutumia. Inveta kubwa ingekunywa 30 kabla friji haijaonja tone! Tena hizo 100 zenyewe ni za mtoaji mpole: betri hupimwa ikitoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta ampea 90 kwa mkupuo, haitakupa hata saa moja.

Fundi wangu alishauri betri ya lithiamu, na hoja zake zilikuwa nzuri. Nilimwuliza mlinzi wa ndani wa betri hiyo anaruhusu ampea ngapi, akasema ataniletea karatasi. Bado naingoja.

Hapo ndipo uhakiki uliponifikisha mahali ambapo sanduku halikutaka nifike. Masanduku yote saba yaliniuliza swali moja: unataka inveta kubwa kiasi gani? Hakuna lililouliza kama friji inahitaji inveta. Friji tuliyokuwa nayo ilikuwa ndogo ya nyumbani, ya volti 230. Betri ilitoa mkondo mnyoofu, inveta ikaugeuza kwa hasara, kisha uhai wa insulini ukategemea kisanduku kimoja ambacho kikijizima saa saba za usiku hakuna wa kuamka. Inveta nyingi hujizima betri ikifika volti 10.5, na huanza kulia kidogo kabla ya hapo. Mke wangu hasikii vizuri sikio la kulia, nami hukoroma.

Zipo friji za kompresa zinazokula volti 12 moja kwa moja. Kwa siku ya joto hutumia, kwa ukubwa tunaouhitaji sisi, kama ampea-saa 30 hadi 50, ambazo paneli ya sola juu ya paa inaweza kuzirudisha jua likiwepo, na altaneta kupitia chaja yake tukiwa barabarani. Nilipomweleza mke wangu hesabu hii aliniuliza swali lililofaa kuliko yote yaliyokwisha kuulizwa Kariakoo: "Na ikiganda?" Tukanunua kipimajoto cha kuweka ndani, karibu na chupa, na friji tuliiwasha nyumbani wiki nzima kabla ya kuiamini. Ilipoelekezwa nyuzi 4 ilicheza kati ya 3 na 6. Chupa hazikai zikigusa ukuta wa ubaridi.

Baada ya friji kuondoka katika hesabu, kilichobaki kwa inveta kilikuwa kidogo hata aibu: kompyuta ya mkononi ya wati 65, televisheni ya wati 50 ambayo huwashwa wakati wa taarifa ya habari, na mashine ya kukatia nywele. Taa zinakula volti 12. Simu zinachajiwa kwa tundu la volti 12. Chai inapikwa kwa gesi. Kuhusu chai nieleze kidogo, kwa kuwa wengi hununua inveta kubwa kwa ajili ya birika. Kuchemsha lita moja ya maji kunahitaji wati-saa 100 hivi, si nyingi; taabu ni kwamba birika la wati 2000 hutaka zote kwa dakika tatu, yaani ampea zaidi ya 180 kutoka kwenye betri, na waya mnene kama kidole gumba. Mtungi wa gesi hauna kilele wala wimbi.

Lugha nimeiacha hadi huku si kwa kuidharau. Karatasi sita zilikuwa kwa Kiingereza na Kichina, moja kwa lugha kadhaa za Ulaya. Hakuna iliyokuwa na sentensi moja ya Kiswahili. Kiingereza cha zile sita kilikuwa cha kukisia. Moja iliniamuru "nisiwe na betri karibu na moto wa hasira". Nikicheka hapo najua ninacheka kwa gharama ya mtu mwingine, yaani fundi ambaye hafungi inveta kwa kusoma bali kwa kuona rangi za waya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi. Onyo la kutoweka inveta ndani ya kasha moja na betri ya asidi lina sababu nzito, kwa kuwa betri hiyo ikichajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja inatosha. Onyo hilo lilikuwamo. Lilikuwa ukurasa wa tisa, kwa lugha ambayo mwenye bisibisi haisomi. Vidonge vya malaria vina maelezo ya Kiswahili. Mbegu za mahindi zina maelezo ya Kiswahili. Kisanduku kinachofungwa chini ya kitanda cha watu kingeweza kulazimishwa kuwa na mistari minne: wati za kudumu na kwenye joto gani, unene wa waya, ukubwa wa fyuzi na mahali pake, na umbo la wimbi kwa jina lake la kweli. Wenye mamlaka ya viwango wapo, na wenye mamlaka ya lugha wapo. Ofisi zao zote mbili naweza kuzifikia kwa daladala.

Nilinunua ndogo, ile ya 500 isiyokuwa 500. Fundi aliifunga kwa waya wa milimita za mraba 25, urefu wa mita moja, na fyuzi ameifunga kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Alitaka kuificha inveta kabatini ili ipendeze. Nikamwomba aiweke nje, wima, mahali penye hewa, na betri ibaki na kasha lake lenye tundu la kutolea hewa chini ya gari. Karatasi yake nimeitafsiri kwa mkono, kurasa mbili za daftari, nikambandikia ndani ya mlango wa kabati. Fundi aliisoma yote akiwa amechuchumaa, akaniuliza kama anaweza kupata nakala.

Nimempa tatu.